Mwalimu Sadalla na Moyo wa Luqmani

Mwalimu Sadalla hajawahi kucheza mpira. Nguvumali nzima tunalijua hilo, ila ukimwona na filimbi yake utadhani alizaliwa nayo. Timu ya mtaa anaifundisha kwa matusi, na mchezaji akiumwa humwambia anadeka. Namdharau, na sioni haya kusema.

Winga wake wa kushoto, Luqmani, alikuwa akikimbia sana moyo unamruka na macho yanaingia kiza. Sadalla akasema ni woga. Kijana akaenda hospitali peke yake. Daktari Praxeda akambandika kifuani kimashine kidogo cha kunasa mapigo ya moyo, akae nacho wiki nzima. Akamsisitiza, "Fanya mazoezi kama kawaida. Ukipumzika, hakitaona kitu."

Sadalla alipokiona kile kimashine aliingiwa na hofu. Si hofu ya kumpoteza kijana, ni ya kumkosa kwenye fainali. Akamhamishia nyumbani kwake. Mkewe, Tausi, akawa anapika supu ya pweza asubuhi na jioni, na Luqmani kawekwa ndani kama mwali, hata maji ya kuoga anapelekewa.

"Wewe tulia tu," Sadalla alimwambia. "Moyo ukitulia, majibu yatakuwa mazuri."

Kijana angembishia vipi mtu anayemlisha? Daktari alipomuuliza kama alikimbia, akaitikia ndiyo, kama alivyofundishwa. Majibu yakatoka safi. Sadalla akazunguka na ile karatasi baraza zote, akitamba kwamba winga wake ana moyo wa chuma.

Siku ya fainali Luqmani aliukimbilia mpira pembeni, akaanguka bila kuguswa na mtu. "Inuka, acha kudeka!" alipiga kelele yule baradhuli. Kijana hakuinuka. Tulimbeba kwa bajaji, na Mungu akamnusuru.

Alipozinduka, Daktari Praxeda alikuwa kando ya kitanda. Akamwambia moyo wake una hitilafu kubwa, na mpira ndiyo basi. Kisha akamuuliza, "Wiki ile hukukimbia, sivyo? Nani alikwambia ulale?"

Luqmani akamtazama mwalimu wake, aliyesimama miguuni pa kitanda.

"Ni mimi mwenyewe, dokta."

Sadalla akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Vijana hawa hawasikii, dokta. Mimi nilimwambia akimbie."