Mkono wa Chuma na Mstari wa Bluu

Dada yangu anaomba akatwe mkono kwa mara ya pili, na safari hii mkono wenyewe hauumi. Mara ya kwanza alikuwa na miaka tisa na hakuna aliyemuuliza. Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi huko Nyamigogo, ana mume na mtoto wa miezi saba, na ameamua mwenyewe. Mradi mmoja wa kusaidia watu wenye ulemavu umekubali kumpa mkono wa umeme, wenye vidole vinavyofunga na kufunguka. Shida ni kwamba kigutu chake ni kirefu mno. Mota ya mkono huo inahitaji nafasi, kwa hiyo daktari atakata upana wa vidole vinne kwenda juu, nyama hai na mfupa mzima, ili kifaa kikae. Karatasi ya ridhaa ina sehemu ya saini ya ndugu. Baba alishafariki, mama hajui kusoma, na shemeji anasema hataki lawama za ukweni. Nimebaki mimi.

Wiki iliyopita niliipeleka karatasi hiyo Mbuba, kijijini kwetu, nimsomee mama. Kabla ya kupanda kwetu nilisimama pale senta, mbele ya nyumba moja ya bati ambayo siku hizi ni saluni. Ukipita leo utaona kioo kikubwa na picha za mitindo ya kusuka. Mimi nilisimama nikasikia jenereta ambayo haipo.

Nyumba ile ilikuwa duka. Mwenye duka alikuwa wa familia ya Kiislamu iliyotoka pwani zamani ikifuata biashara, ikabaki. Sisi wakulima Wakatoliki tuliwaita Waswahili, wao walituita Wahangaza, na hakuna aliyeona tusi hapo. Asubuhi mkewe alikaanga maandazi yenye iliki, na harufu yake ilitukuta njiani kuelekea shule hata kama hakuna aliyekuwa na cha kununulia. Nyuma ya duka, katika stoo, kati ya magunia na madebe ya mafuta ya taa, aliweka televisheni na mashine ya gemu, zilizoendeshwa na jenereta. Zamu moja ya kucheza ililipwa kwa kikombe cha maharage, kikombe kile kile cha bati alichopimia maharage ya wazazi wetu.

Kwa hiyo msimu wa mavuno ndio ulikuwa msimu wa gemu. Tulipura maharage uani kwa fimbo tangu jua linapotoka, makapi yakituwasha shingoni, na kila mtoto alijua mfuko gani wa kaptula hauna tundu. Mama zetu walishangaa mwaka huo maharage yamepunguzwa na nini. Walilaumu wadudu.

Gemu tuliyoipenda tuliiita Chuma, kwa kuwa jina lake halisi hatukuweza kulisoma. Ilikuwa habari ya askari wa miaka ijayo, katika mji wenye mvua isiyokatika. Kila alipomaliza kazi moja alipelekwa kwa fundi aliyevaa koti jeupe. Fundi alimlaza mezani akamwonyesha mkono wa chuma na kumuuliza: nikukate huo wako nikuwekee huu? Ukibonyeza ndiyo, skrini inakuwa nyekundu, askari anapiga kelele, kisha anaamka anavunja milango kama mtu anavyovunja bua la mtama. Baadaye fundi anakuja na miguu, halafu macho, halafu moyo.

Juu ya skrini kulikuwa na mistari miwili. Mwekundu ulikuwa nguvu, na ulipanda kwa kila kipande cha chuma. Wa bluu ulishuka. Ukiisha kabisa, askari hakusikii tena; anageuka na kuwaua watu aliotumwa kuwalinda, na mchezo unakuwa umekwisha. Hatukujua wa bluu ni nini mpaka binti wa mwenye duka alipokuja likizo kutoka sekondari. Alisoma maneno yale akasema, "Huo ni utu wake. Kila kiungo anachobadilisha, utu unapungua." Tulimwamini kama tulivyoamini Injili.

Hapo sasa mabishano yakaanza.

"Mimi ningekata yote miwili," alisema mtoto wa jirani yetu. "Nisipure maharage tena!"

"Ukishakata utakula na nini?"

"Chuma kitanilisha."

"Na kamasi zako je, chuma kitazifuta? Kitakung'oa pua!"

Tulicheka mpaka mwenye duka akagonga ukuta. Katika kicheko chote kile, mchezaji alikuwa dada yangu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Aliibana pedi ya kuchezea kati ya magoti, akasukuma kijiti cha kushoto kwa kigutu, na mkono wa kulia ukafanya kazi ya mikono miwili. Hakuna aliyewahi kumshinda. Na hakuna aliyewahi kumwona akikubali chuma. Fundi alimuuliza, yeye akabonyeza hapana, akaendelea na askari wake dhaifu mwenye mstari wa bluu uliojaa, akijificha nyuma ya magari, akipita mifereji.

Mkono wake ulichukuliwa na mashine ya kusaga. Alikuwa amepeleka muhogo mkavu, kanga aliyojifunga ikashikwa na mkanda, akaivuta kwa mkono wa kushoto. Hospitali ya misheni ilimkata kwenye kifundo cha mkono, na mama akaomba apewe kiganja chake. Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi. Kinalala kwenye ardhi ya ukoo, kiwasubiri wenzake, ili siku ya ufufuko mwenyewe asiende kukitafuta wilaya nyingine. Mama alikirudisha nyumbani kimefungwa katika kitambaa cheupe, akamwita katekista tuliyepakana naye shamba.

"Mama, kitabu changu hakina ibada ya kiganja," katekista alisema.

"Basi soma ya mtu mzima, ukifika katikati uache."

Akasoma, akaacha katikati. Kiganja kikafukiwa mgombani, chini ya mgomba mmoja kando ya kaburi la babu, na dada akasimama pale na bandeji yake akitazama sehemu yake ikitangulia.

Ninakueleza haya kwa utaratibu ili ufike nilipofika mimi siku ile ya stoo. Nilikuwa na miaka tisa. Dada alikuwa amenishinda mara tatu mfululizo mbele ya watoto wote, vikombe vitatu vya maharage vimekwenda, na nilikuwa na hasira ya mtoto wa kiume aliyeshindwa na msichana. Nikasema kwa sauti: "Dada alikatwa na hata chuma hakupewa. Mstari wake wa bluu umeshuka bure!"

Walicheka kuliko walivyocheka kamasi. Mwenye duka alitokea mlangoni. "Astaghfirullah! Wewe, toka nje. Toka! Huyo si dada yako tumbo moja?" Nilitoka. Dada hakugeuka. Alimaliza zamu yake, akampa mwenzake pedi, kisha akamuuliza binti wa mwenye duka kwa sauti ya kawaida kabisa: "Dada, hao walioitengeneza gemu hii wana mikono mingapi?"

"Miwili, nadhani."

"Ndiyo maana."

Jioni tulichota maji pamoja. Aliniinulia ndoo yangu kwa mkono mmoja na goti, kama kawaida. Hakunisemea kwa mama. Laiti angenisemea.

Mwaka uliofuata walikuja wageni pale misheni na masanduku ya viungo vya plastiki. Dada alipata mkono. Ulikuwa na rangi ya chai iliyozidi maziwa, na vidole vyake havikujikunja, vilikaa kama vya mtu anayeomba kitu. Lakini aliupenda. Jumapili aliuvaa kanisani, na wakati wa kupeana amani aliutoa ule, watu wazima wakaushika kwa heshima. Alirudi nyumbani akitembea mbele yetu sote.

Jumatatu shuleni, mstarini, sauti moja kutoka nyuma ikaita, "Mstari umeshuka!" Ikafuata nyingine, kisha darasa zima, hata watoto ambao hawajawahi kukanyaga ile stoo wala kujua mstari upi. Mwalimu alichapa wanne aliowakamata. Mimi sikuita. Nilikuwa nimesimama mstari wa tatu, mikono nyuma, nikitazama maneno yangu yakitembea.

Dada aliuvua mkono ule njiani, akampa mama, mama akautundika kwenye msumari jikoni juu ya mafiga. Aligoma kuuvaa tena. Moshi uliupaka masizi mwaka mzima, miwili. Ulipofikia rangi yetu ulikuwa umeshakuwa mdogo kwake.

Tangu hapo dada ameishi kwa meno. Ndizi anazimenya akiwa amezibana kwa nyayo. Chaki anaishika, daftari analishikilia kwa kigutu. Kanga ya kumbebea mtoto anaifunga kwa mkono na meno, kichwa kikiwa kimeinama kando kama kuku anayekunywa maji, na mtu asiyemjua hukimbilia kumsaidia, jambo analolichukia. Nimewahi kuandika habari za watu wengi kwa kazi yangu ya ofisi hapa Biharamulo. Zake sijawahi.

Mama aliisikiliza karatasi yote bila kunikatiza. Mgomba ule wa zamani haupo. Ugonjwa wa mnyauko uliingia, bwana shamba akaagiza migomba yote ing'olewe na kuchomwa, na sasa pamepandwa mihogo. Kaburi la babu lina msalaba wa saruji. Mahali pa kiganja palikuwa na alama ya mgomba tu, na mama alinionyesha kwa kidole sehemu mbili tofauti. Hatimaye alisema kwa Kihangaza kwamba alizika kipande cha binti yake kikiwa kimeshakufa, na hajui jinsi ya kuzika kilicho hai. Akaniambia nifanye ninavyojua mimi niliyesoma.

Nilimpigia dada nikiwa bado uani. Nilimwambia mama anasitasita, na mimi pia.

"Wewe unasitasita nini?"

"Ni mkono mzima, dada. Haurudi ukishakatwa."

"Mdogo wangu, hilo unanifundisha mimi?"

Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Sema ukweli. Unaogopa daktari, au unaogopa ile gemu yenu?"

Swali hilo ninalo mpaka sasa. Nikiikataa karatasi ninajiuliza kama ni busara ya mtu mzima au ni mtoto yule wa stoo anayehesabu utu wa dada yake kwa viungo. Nikiisaini ninajiuliza kama ni haki yake ninayoiheshimu au ni deni langu ninalolilipa kwa mfupa wake. Walioitunga ile gemu walidhani hatari iko kwenye chuma. Hawakuona kwamba chumba kizima cha watoto wenye mikono miwili kinaweza kumshusha mtu mstari bila kumgusa.

Na wote walioweza kunisaidia kuamua wameondoka. Mwenye duka alizikwa, mkewe na binti wakahama, sijui waliko. Katekista hayupo. Watoto wa ile stoo tunapokutana sokoni tunaulizana habari za mahindi, na hakuna anayelitaja lile jambo. Sijui kama wamelisahau au wananionea huruma.

Usiku wa kuamkia Jumatano sikulala, kwa hiyo kulipokucha niliisoma tena karatasi, neno kwa neno, kama ninavyosoma karatasi za ofisi kazini. Ukurasa wa pili, kifungu cha sita, nilichokuwa nimekiruka nilipomsomea mama, kinasema mkono wa umeme utabaki mali ya mradi. Hakisemi mradi unaisha lini. Hakisemi betri ikifa nani ataibadilisha, wala kama siku moja wanaweza kuja kuuchukua.

Nilimsomea dada kwenye simu. Alinisikiliza huku mtoto akilia karibu yake.

"Kwani huu nilio nao sasa ni mali ya nani?" akasema. "Wewe unaujadili, mama anaujadili, mume wangu anaukimbia. Saini, mdogo wangu. Nimechoka kumfunga mwanangu kwa meno."

Niliipigia ofisi ya mradi. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, akanisalimia shikamoo ingawa sauti yangu si ya mzee. Nilimuuliza mradi ukiondoka mkono utakuwa wa nani. Nikasikia akipekua karatasi, kisha akasema hakuna mtu aliyewahi kuuliza hilo. Aliandika jina langu na namba, akaahidi kumuuliza mkubwa wake na kunirudia siku hiyo hiyo.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Leo ni Jumamosi, simu haijaja, karatasi bado sijaisaini, na dada anaingia chumba cha upasuaji Jumanne.