Kitufe Kilichong'olewa kwa Kijiko

Watu wa Isaka waliomfahamu Bernadina katika miaka yake ya kazi walimfahamu kama yule mama wa ofisi ya Umesh aliyepiga chapa huku akitazama dirishani. Mabehewa yakishushwa, malori yakinguruma kuelekea Burundi, wapagazi wakitupiana maneno juani, yeye vidole vyake vilikuwa vikienda tu, na barua ikitoka haina kosa. Wachache walijua kwamba siku ya kwanza alipoigusa ile kompyuta nusura aondoke Isaka na aibu isiyokuwa yake. Na lililo baya zaidi, nusura amtwishe aibu hiyo mumewe, ambaye wakati huo alikuwa tayari kaburini.

Kazi hiyo alifunzwa angali msichana, katika misheni moja ya magharibi, upande wa mpakani, na mtawa Mfaransa aliyeitwa Sista Odila. Sista alikuwa na namna yake ya kufundisha. Alimfunga kila msichana kitambaa shingoni na kukibana upande wa pili kwenye mashine, mikono yote miwili ikazama chini yake kama mikono ya mtu anayekanda unga gizani.

"Macho ni ya karatasi," alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha puani. "Vidole vina macho yao wenyewe."

Aliyechungulia alianza ukurasa upya. Siku kitambaa kilipofunguliwa, Bernadina hakuwa tena na haja ya kutazama, na toka hapo kutotazama kukawa fahari yake. Sista aliporudi kwao kuzeekea huko, alimwachia mashine yake ile ile. Bernadina hakuwahi kugusa nyingine.

Aliolewa na Mwalimu Athanas Bujiku, mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi Kahama. Mwalimu alikuwa mtu wa shati jeupe na neno moja. Akisema ndiyo, watu walikwenda kulala. Mitihani ya shule, mialiko ya harusi, barua za parokia, vyote vilipigwa chapa na Bernadina kwenye meza ya chakula, na Mwalimu hakuona haya kulisema hilo mbele za watu. Alipokwenda kununua chaki na wino dukani kwa Umesh, aliegemea kaunta na kuanza.

"Bwana Umesh, mimi naandika kama kuku anayeparua. Fundi ni mama watoto. Kuanzia Shinyanga mpaka Geita humpati wa kumfikia."

"Mwalimu, kila mwanaume anasifu ugali wa kwake," Umesh alimjibu.

"Mimi sisifu. Mimi natoa taarifa."

Kisha mashine ya Sista ikafa, na baada ya mashine akafa Mwalimu. Arobaini ilikuwa haijakauka vizuri midomoni mwa watu, neno likaanza kutembea Kahama. Ati mke hakuwa na lolote. Mwalimu ndiye aliyekuwa akizipiga zile karatasi, halafu akampamba mkewe ili aonekane ameoa msomi. Bernadina alilisikia, akalimeza. Kama wangesema yeye ni mvivu au mwenye kiburi, angewaacha. Lakini neno lile lilimfanya Mwalimu Bujiku kuwa mwongo, na marehemu hana mdomo wa kujibu. Mjane ndiye mdomo wake.

Kwa hiyo mwaka wa tisini na tisa, Umesh alipofungua ofisi ya kuhudumia mizigo pale Isaka na kumpelekea ujumbe kwamba anahitaji mpiga chapa, Bernadina alifurahi kwa sababu mbili, na mshahara ulikuwa wa pili.

Alipanda basi la asubuhi akiwa na gauni lililopigwa pasi mpaka mishono. Wapagazi walimsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akawaitikia kwa heshima akapita. Mlangoni alimkuta Eunice, karani wa kupanga mafaili, ambaye waliimba naye kwaya moja parokiani Kahama. Eunice alikuwa na sauti nzuri ya kwanza, na ulimi ambao haukuwahi kulala na habari ya mtu.

"Shikamoo, Mama Theonest."

"Marahaba, mwanangu."

"Mungu akutangulie tu. Maana hii siyo taipu ya kizamani, hii ni kompyuta."

"Vidole ni vile vile, Eunice."

Umesh alimvutia kiti mwenyewe. "Karibu sana, mama. Usishangae hilo pengo hapo kushoto. Palikuwa na kitufe cha kufungia herufi kubwa. Karani aliyekuwepo alikuwa akikifunga halafu anasahau. Barua nzima herufi kubwa tupu. Mteja wangu wa Tabora akanipigia simu, 'Umesh, nimekukosea nini mbona unanifokea?' Nikaking'oa kwa kijiko cha chai!"

Alicheka, Bernadina akatabasamu, akaweka vidole mahali pake. Karatasi ya kunakili ilikuwa upande wa kushoto: habari ya mabehewa yaliyowasili, namba zake na mizigo yake. Alivuta pumzi, macho yakaenda kwenye karatasi, vidole vikaondoka.

Vitufe vilikuwa vyepesi ajabu, kama kugusa mbegu za maboga. Alipofika kwenye namba, kidole kidogo cha kushoto kilikwenda kutafuta kile kitufe cha kufungia, maana kwenye mashine ya Sista tarakimu zilikaa juu, huzipati mpaka ufunge kwanza, kikaanguka shimoni. Hakubabaika. Alishikilia kitufe cha kuinulia herufi kwa kidole, akaendelea. Alijua anakwenda vizuri. Nyuma yake Eunice alikuwa amenyamaza, na Bernadina alidhani ni kimya cha kustaajabu.

Alipomaliza, ndipo alipoinua macho kwenye kioo.

*:qbehezq yqliyozqsili Isqkq &$@*

Na hivyo hivyo mpaka chini. Eunice alibonyeza, mashine ya kuchapia ikaitema karatasi, akaishika mbali kidogo kama anayesoma shajara ya mganga.

"Ku-be-he-zi-ku… Mama Theonest, hiki ni Kizinza? Au ndiyo umeanza kunena kwa lugha?"

"Eunice," alisema Umesh.

"Nauliza tu, bosi. Lisemwalo lipo."

Umesh aliitazama karatasi kwa muda, akaikunja mara moja. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliouma. "Labda safari imekuchosha, mama. Si kitu. Mwalimu alikuwa rafiki yangu." Akaongeza polepole, "Nilimwamini sana."

Nilimwamini. Bernadina aliichukua pochi yake, akaaga kama inavyopasa kuaga, akatoka akiwa amenyoosha mgongo.

Basi la kurudi Kahama lilikuwa bado. Alikaa kwenye benchi la kibarazani, mikono mapajani, akaitazama kama mikono ya mtu mwingine. Ilikuwa imekufa pamoja na Mwalimu? Jumamosi Eunice angekuwa kwenye mazoezi ya kwaya, na kabla ya wimbo wa kwanza kwisha Kahama nzima ingejua kwamba mwalimu mkuu aliishi na uongo nyumbani mwake. Theonest wake, aliyekuwa sekondari, angelisikia neno hilo likizo. Akawaza, Athanas, nisamehe, nimekuvua shati hadharani.

Mtu mnene mwenye kofia ya pama alimpita akiingia ofisini, akiwasalimia wote kwa sauti ya sokoni. Alikuwa Pantaleo, wakala kutoka Bujumbura, aliyekuja kufuatilia kontena lake. Bernadina alimsikia akiuliza habari za mzigo, akamsikia Eunice akisema, "Kwanza cheka kidogo, mzee, tazama hii." Kisha likalipuka cheko kubwa ambalo lilimfanya afumbe macho.

Mlango ukafunguliwa. Pantaleo alisimama pale na karatasi mkononi.

"Nani ameandika hii?"

Bernadina angeweza kunyamaza. Alisimama. "Ni mimi."

"Mama," alisema yule bwana, akavua kofia, "wewe umesomeshwa na Wafaransa!"

"Umejuaje?"

"Nimejuaje? Mimi hii naisoma kama gazeti!" Na pale pale mlangoni, Umesh na Eunice wakiwa nyuma yake, akaisoma: "Mabehewa yaliyowasili Isaka, mia saba arobaini na mbili, limebeba saruji, mia saba arobaini na tisa, limebeba ngano…" Alisoma mpaka mwisho bila kukwama. Umesh alikimbilia ndani kuleta karatasi ya kunakilia, akafuatisha kwa kidole, midomo ikicheza.

"Hakuna kosa," alisema. Akarudia juu mpaka chini. "Jamani, hakuna kosa hata moja!"

"Litoke wapi? Mashine za Wafaransa, A inakaa hapa penu pa Q. M iko pembeni ya L. Z na W zimebadilishana nyumba, na tarakimu zetu zinakaa juu, penu penye alama. Mikono ya huyu mama imekwenda kila mahali ilikofundishwa kwenda. Ni mashine yenu iliyomjibu Kiingereza. Mimi nikisahau kuigeuza, nazaa takataka hizi hizi."

"Kuigeuza?" aliuliza Umesh. "Nani anaigeuza?"

Pantaleo akaishika kofia yake kwa mikono miwili. "Bwana Umesh, si huwa naomba kuandika barua zangu hapa? Naigeuza iwe ya Kifaransa, halafu nairudisha. Siku moja tu nilisahau kuirudisha."

"Siku ya virusi!"

"Ndiyo, ile siku ya virusi."

"Pantaleo! Nilidhani kompyuta imeingiwa na virusi, nikamleta fundi kutoka Mwanza! Alinilaza siku nzima bila kazi!"

"Ndiyo maana niliona haya kusema."

Umesh alitaka kukasirika, akashindwa. Akashika mlango akacheka mpaka miwani ikateleza. Na Bernadina, ambaye tangu msibani hakuwa amecheka mbele za watu, alijikuta ameziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakimtikisika, na machozi yakitoka ambayo hakuyaonea haya kwa kuwa hakuna aliyeweza kujua ni ya nini. Kifua kilikuwa kimefunguka kama dirisha lililokwama masika yote.

Walirudi ndani. Pantaleo alikaa, akafungua huku na huku, safari hii akitaka lugha zote mbili zikae pamoja, kompyuta ikadai diski yake, Umesh akaitafuta kabatini akaileta. Haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. "Tayari. Vitufe vimeandikwa Kiingereza, lakini ndani sasa ni Mfaransa. Ukitazama maandishi utapotea."

"Huwa sitazami," alisema Bernadina.

Alikaa. Akagusa kitufe kimoja tu, pale palipoandikwa Q, na kwenye kioo ikatokea *a*, ndogo, safi. Akakigusa tena. Kisha akapiga neno zima, *Athanas*, akalifuta upesi kabla hawajalisoma.

"Ila kwa tarakimu," alisema, "nitakihitaji kile kitufe."

"Kipi?"

"Ulichokula na chai, Bwana Umesh."

Umesh alijipiga paji la uso. Aliliendea kopo la pini, akalimwaga mezani, akapekua mpaka akakipata, kidogo, cha kijivu, na alama ya kijiko ubavuni. Akakirudisha mahali pake kwa kidole gumba, kikalia *tak*. Toka siku hiyo kilibaki kimelegea kidogo na kuchezacheza kama jino la mtoto, lakini hakikung'oka tena.

Bernadina aliinakili karatasi ile ile upya, safari hii akitazama nje, ambako behewa la saruji lilikuwa likisukumwa. Kidole kidogo kilifunga, namba zikapita, kikafungua. Mashine ikatoa ukurasa, Umesh akausoma akiwa amesimama, na alipomaliza aliuweka mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Mwalimu hakunidanganya," alisema. "Mama, nisamehe. Pale nilianza kumfikiria vibaya."

"Alikuwa akitoa taarifa tu," alijibu Bernadina.

Eunice alikuwa ameegemea kabati la mafaili, amejikunyata. "Na mimi sasa nikitaka kuandika anwani za bahasha zangu? Si nitanena kwa lugha mimi?"

"Bonyeza hivi viwili kwa pamoja," alisema Pantaleo, "inarudi Kiingereza. Akija mama, anabonyeza tena. Mashine moja, wake wawili, hakuna ugomvi."

Basi lilipopiga honi Bernadina alijifunga mtandio. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Eunice, Jumamosi una mazoezi ya kwaya?"

"Ndiyo, mama." Sauti ilikuwa ndogo.

"Najua ulikuwa na jambo la kuwasimulia wenzako. Sikukatazi. Wasimulie. Lakini lisimulie lote mpaka mwisho, usiishie pale kwenye Kizinza."

Eunice alipiga goti kidogo, kama walivyolelewa wote kule. "Nitalisimulia lote, Mama Theonest. Tena nitaanzia mwisho."

Na alilisimulia. Ulimi ule ule uliokuwa ukiogopwa ndio uliolirudisha jina la Mwalimu Bujiku mahali pake, nyumba kwa nyumba, na kwa chumvi kidogo: kufikia Jumapili ilikuwa imesemwa kwamba mke wa Mwalimu anapiga chapa kwa lugha tatu amefumba macho.

Ila hayo yalikuja baadaye. Jioni ile, ndani ya basi, yule mama ambaye hakuwahi kula njiani wala kuegemea kiti mbele za watu, alikaa dirishani, akavua viatu, akainamisha kichwa kwenye kioo na kusinzia. Alilala mdomo wazi, mtandio umemteleza, mpaka Kahama stendi, ambako kondakta alimgusa bega kwa adabu.

"Mama, tumefika. Ulikuwa unakoroma."

"Basi nilikuwa nimechoka," alisema Bernadina, akatafuta viatu vyake kwa miguu, bila kutazama.