Vifurushi vya Mama Editha

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyoingia kwenye stoo ya zahanati moja upande wa Katumba, kwetu Mpanda, mkasi mkononi na kiburi kifuani. Nakusimulia kwa sababu juzi nilikusikia ukisema kwamba programu yako umeshaimaliza, watakaoitumia wataizoea tu. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi.

Ilikuwa miaka ya tisini, nasoma mambo ya kompyuta chuo kikuu huko Dar es Salaam. Mpanda nzima waliowahi kuigusa kompyuta walihesabika, na nilipopanda treni kurudi nyumbani likizo nilijiona nimebeba mkoa mzima begani. Mwaka wa mwisho tulitakiwa kwenda mahali, tuchunguze watu wanahitaji nini katika kazi yao, kisha tuwatengenezee mfano wa majaribio wa programu, yaani kuonja mchuzi kabla ya kupika chungu kizima. Mwalimu wetu, mama mmoja mwenye sauti ndogo, alituonya: "Msianze na kompyuta. Chora kwenye karatasi, mpe yule atakayeitumia, halafu funga mdomo umtazame anapokwama." Nilicheka moyoni. Msomi mzima nipeleke michoro ya penseli kama mtoto wa chekechea?

Nikachagua zahanati ile, nitengeneze programu ya kutafuta kadi za wagonjwa. Umeme haukuwepo, ila mkuu wa zahanati, ambaye wote walimwita daktari, alikuwa amesikia fununu kwamba wafadhili wangeleta kompyuta na sola. Alinikaribisha ofisini, akaninunulia soda, tukazungumza saa nzima. Nikamuuliza kadi zinapangwaje. Akasema kwa alfabeti, kwa jina la ukoo. Hapo ndipo nilipobisha mlango usio wenyewe, kwa maana yeye alinieleza utaratibu unavyotakiwa kuwa. Kadi zenyewe alikuwa hajazishika miaka.

Aliyezishika ni Mama Editha, nesi mtu mzima, Mpimbwe wa Usevya, ambaye wiki ile alikuwa vijijini akichanja watoto. Nilipofungua stoo yake nikakuta kadi zimefungwa vifurushi kwa vipande vya bendeji, kadi ya mama juu, za watoto wake ndani. Nikaona vurugu tupu. Kwa siku mbili nikakata bendeji zote, nikazipanga kadi mojamoja kwa alfabeti ili zikae sawa na programu yangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami nilikitandika upya bila hata kupiga hodi.

Mama Editha aliporudi alisimama katikati ya stoo, mikono kiunoni.

"Baba, hii kazi umemuuliza nani?"

"Daktari, mama."

"Hawa watu wa hapa asili yao Burundi. Hawana jina la ukoo hawa. Baba anaitwa Bukuru, mtoto Niyonkuru, mdogo wake Ndayizeye. Kila mtu na lake. Na kina Niyonkuru hapa wamejaa. Usipomjua mama yake, humpati."

Unajua nilimjibu nini? "Mama, kompyuta inataka jina la ukoo." Kompyuta ambayo haikuwepo! Aliinama, akaokota kipande kimoja cha bendeji, akaanza kuzikusanya upya. Kadi zilijaa ukuta mzima.

Alikuwa hajafika hata robo, akaja bibi mmoja na mjukuu wake wa kike, naye Niyonkuru, kifua kimembana mtoto, pumzi inakatika. Mama yake alikuwa mbali, kwenye mavuno ya tumbaku. Bibi hakujua mjukuu aliwahi kupewa dawa gani. Alichojua ni jina la binti yake, na siku zote hilo lilitosha. Mama Editha alikimbilia stoo, nami nyuma yake, tukawapekua kina Niyonkuru kadi kwa kadi huku tukimsikia mtoto akikoroma chumba cha pili. Daktari hakuweza kusubiri zaidi. Akamchoma sindano ya penisilini.

Kadi tuliipata dakika chache baadaye. Ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu, mwandiko wa Mama Editha: asichomwe penisilini, mwili wake unaikataa.

Mtoto alivimba uso, akabadilika rangi. Sitakueleza yote. Walimpigania mpaka jioni, Mungu akamrudisha, na hadi leo namshukuru.

Kama ningekuwa muungwana, kosa langu lingebaki hilo moja. Wiki iliyofuata wakaja wakubwa kutoka wilayani, wakatuweka ofisini, wakauliza nani alizigusa kadi. Daktari akatazama dirishani. Mimi nikatazama viatu vyangu, nikiogopa kazi yangu ya chuo itafutwa. Mama Editha alinitazama, akangoja kidogo, kisha akasema, "Kadi ziko chini yangu." Akaandikiwa barua ya onyo. Mimi nikapanda treni. Chuoni mwalimu aliponiuliza mtumiaji aliuonaje mfano wangu, nikasema alifurahi sana. Nikapewa alama nzuri, na sijawahi kujivunia alama zile hata siku moja.

Majuto ni mjukuu, mwanangu. Ilinichukua miaka mingi kupata uso wa kumwendea. Nilimkuta kwake Usevya, amestaafu, anapepeta mpunga. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote, hata ule uongo wa chuoni. Aliniacha nimalize.

"Nilishakusamehe zamani, baba," akasema. "Ila siku ile nilikusubiri useme. Neno moja tu. Barua ile nimestaafu nayo."

Basi sikia. Kuuliza si ujinga, lakini jua unayemuuliza. Usiishie kwa mwenye kiti. Nenda kwa mwenye kazi, kaa naye, mtazame mikono yake. Ukiona jambo lake limekaa ovyo, muulize sababu kabla hujaligusa. Mpe mchoro wako wa penseli aukosoe, tena umshukuru akikukosoa, kwa kuwa karatasi hufutika. Na ukiharibu, maana utaharibu tu, hakuna aliyezaliwa fundi, sema siku hiyohiyo, mbele ya walewale, kabla mwingine hajabebeshwa mzigo wako. Msamaha wa kuomba baada ya miaka ni mzuri, lakini hauifuti barua ya mtu.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie katika kazi yako, akupe masikio yanayosikia wadogo na wakubwa, na siku utakayokosea akupe ujasiri nilioukosa mimi.