Krismasi Iliyoangukia Mbalamwezi

Nina kasoro moja ambayo hata mchungaji wetu ameshaiombea: nikifurahi, mdomo unanitangulia. Mwaka ule ulinitangulia hadi Katonga, ufukweni kwa wavuvi.

Ilikuwa Jumapili ya mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili. Ibada imeisha, tumebaki kanisani kujadili Krismasi. Kanisa letu ni dogo, liko Ujiji, na nyumba zinazolizunguka karibu zote ni za Waislamu. Miaka yote upendo wetu wa Krismasi ulikuwa unapanda gari. Tunakusanya sabuni na sukari, tunakwenda kuzigawa mbali, tunapiga picha, tunarudi. Siku hiyo mchungaji akauliza swali.

"Na hawa tunaopakana nao ukuta, wanaovumilia ngoma zetu na spika zetu kila wiki, wao tunawapa nini zaidi ya kelele?"

Mzee wa kanisa, mkulima wa Mwandiga, akapendekeza mbuzi. Fundi cherehani mwenzangu wa soko la Mwanga akauliza huyo mbuzi atachinjwa na nani ili kila mtu ale kwa amani. Hapo kila mmoja akawa mtaalamu wa kuchinja. Nikaona tutafika Pasaka bado tunamjadili mbuzi, nikasimama.

"Samaki!" nikasema. "Samaki hachinjwi. Tuwapikie migebuka wabichi, waliotoka ziwani asubuhi hiyo hiyo, kwa mawese na ugali wa muhogo. Shemeji yangu ana mitumbwi Katonga. Niachieni mimi."

Walinipigia makofi, na akina mama wakapiga vigelegele. Nilikaa chini kichwa kimevimba, na papo hapo nikafanywa mwenyekiti wa kamati.

Nilikuwa na sababu yangu ambayo sikuisema pale. Nyuma ya kanisa, ukuta kwa ukuta na nyumba yangu, anaishi bibi mmoja mjane wa mvuvi. Tangu nilipohamia hapo, miaka tisa, kila Idi ananiletea pilau katika bakuli lake la bati lenye maua mekundu, nyama imejaa hadi mfuniko haukai sawa. Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu. Kwa hiyo nami kila Krismasi nalirudisha na biskuti za pakiti. Mwaka mwingine biskuti na majani ya chai. Sikuwahi hata mara moja kumpelekea chakula nilichopika mwenyewe, kwa sababu niliogopa. Nilijiambia kwamba sufuria yangu ya Kikristo atapokea kwa heshima, kisha mlango ukifungwa atawapa kuku. Na mimi najijua, ningeliona hilo nisingelala. Samaki ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Nilitaka nimlishe yule bibi chakula cha mikono yangu, aseme amekula.

Kesho yake nikaanza kualika nyumba kwa nyumba. Niliruka kwake kwanza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

Nikamwaga yote kwa pumzi moja: Krismasi, uwanja wa kanisa, majirani wote, migebuka wabichi. Aliniuliza tarehe. Nikamwambia tarehe ishirini na tano, kama kawaida yetu. Akaangalia vidole vyake, akahesabu polepole kwa midomo, kisha akaanza kutabasamu.

"Wabichi?" akauliza.

"Wabichi kabisa, Bibi! Watakuwa bado wanaruka!"

"Haya, mwanangu. Tutakuja."

Nilitoka pale nikicheza. Nilizunguka mtaa mzima nikitangaza migebuka, na mbele ya kila mlango samaki wakawa wanazidi kunenepa.

Wiki mbili baadaye nikaenda Katonga kumkumbusha shemeji. Nilimkuta amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anashona wavu. Mitumbwi mingine yote ilikuwa imevutwa juu, imepangwa mchangani, na wavuvi wanacheza bao.

"Shemeji," nikamwambia, "Krismasi nataka ndoo kumi."

Aliniangalia kwa huruma. "Shemeji, wewe si umezaliwa hapa hapa?"

Ndipo nikageuka kuangalia ile mitumbwi. Mbalamwezi! Ziwani kwetu samaki huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa samaki hawaijali taa ya mtu, na wavuvi wote wanapumzika nchi kavu hadi giza lirudi. Mtoto wa chekechea anayeishi ufukweni analijua hilo. Mimi ni mtoto wa mwanamke aliyeanika dagaa maisha yake yote, nimelelewa na hela ya dagaa, halafu nimekwenda kuangalia kalenda ya kanisa, yenye picha kubwa ya mchungaji na mkewe, na mwezi haumo hata kidogo.

"Kwaya yenu ina wavuvi wawili," shemeji akasema. "Hawakukuambia?"

Niliwafuata. Wakaniambia bila aibu kwamba niliongea kwa uhakika mkubwa sana, wakadhani nina friji.

Samaki wa barafu nilitafuta, nikakuta wachuuzi wameshawapakia kwenda Kasulu. Mchungaji akashauri tupike maharage. Maharage! Nilimjibu vibaya, na baadaye nikamwomba msamaha, lakini maharage nilikataa. Nilikuwa nimeahidi samaki kwenye kila mlango wa mtaa ule, na mlango mmoja niliuahidi kwa moyo wangu wote.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne nikaamua kwenda kukiri. Nilimkuta bibi uani anapepeta unga.

"Bibi, nimekuja kukuambia kitu. Kesho samaki hakuna. Ni mbalamwezi."

Aliweka ungo chini. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka! Alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, halafu akanishika mkono akanivuta hadi kwenye banda lake la kupikia. Juu ya chanja, kuanzia ukuta huu hadi ule, walikuwa wamelala migebuka wa moshi, wakavu, wa rangi ya dhahabu, mamia. Chini kulikuwa na vikapu vingine viwili.

"Siku uliyokuja kualika giza lilikuwa bado lipo," akasema. "Nikawaambia wenzangu, jamani, huyu mtoto atatuita kuja kula hewa. Tukanunua, tukakausha. Kila nyumba ina chanja lake hapa."

"Bibi, mbona hukuniambia siku ile?"

"Ulinipa nafasi gani ya kusema?"

Ningependa kuandika kwamba nilishukuru palepale. Ukweli ni kwamba nilinuna kidogo. Sisi ndio tulitakiwa kuwapenda wao, kamati ilikwishakaa, na sasa wageni ndio wenye chakula. Lakini ile harufu ya moshi ilinishinda. Nikacheka nami, tukashikana mikono, tukacheka wote wawili mpaka mama mmoja wa upande wa pili, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Kongo, akaja kuuliza nani kafa.

Krismasi ile sijui niielezeje. Ibada iliisha mapema kuliko siku zote, kwa kuwa harufu ya mawese ilikuwa inaingia madirishani na hata mhubiri alikuwa anameza mate. Uwanja ulijaa. Akina mama wa mtaani walikuja na mwiko wao, wetu haukuwaridhisha. Yule mama mwenye asili ya Kongo alishika sufuria ya ugali na kuwafukuza waimbaji wetu watatu, akisema wanapika uji. Mzee wa Mwandiga alikubali kukata vitunguu, akalia mbele za watu. Mchungaji alionja mchuzi kwa kidole ukiwa unachemka, akaruka, na watoto wakamwomba aruke tena.

Mchuzi nilipika mimi. Hilo sikumwachia mtu. Samaki walikuwa wao, mawese yalikuwa yetu, na chumvi ilikuwa mkononi mwangu. Ulipoiva nikakimbia nyumbani, nikachukua lile bakuli la maua mekundu lililokuwa kwangu tangu Idi, nikalijaza hadi mfuniko ukakataa kukaa. Nikamwekea bibi mbele yake, mkekani, nikakaa karibu naye kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Alikata tonge, akachovya, akala. Akakata lingine. Alikula ameinamisha kichwa, kwa utaratibu, hadi nikaona chini ya bakuli ua moja jekundu, kisha la pili.

Mdomo ukanitangulia tena. "Bibi, miaka tisa hii nilikuwa naogopa kukuletea chakula changu. Nilidhani hutakula."

Aliinua uso, amepigwa na butwaa kabisa.

"Mimi nisile? Mwanangu, mimi nilidhani hujui kupika!"

"Mimi?"

"Mtu kila sikukuu analeta biskuti! Nikasema maskini, mtoto wa watu, hakufundishwa. Ndiyo maana kila Idi nilikuwa nakuongezea nyama."

Nilicheka hadi nikalala kwenye mkeka, na katikati ya kicheko nikajikuta nalia, maana miaka tisa ni mingi. Yeye alinisubiri nimalize. Halafu akanisukumia bakuli.

"Haya, inuka," akasema. "Niongeze. Na mchuzi usiubanie."