Darasa Lililofundishwa Kukaa

Shule yetu ya Butembo ilikuwa karibu na uwanja wa ndege wa Rughenda, na wakati wa vita ndege zilitua pale bila saa maalumu. Kila ziliposikika, watoto wa darasa langu la pili waliingia chini ya mabenchi. Wengi walikuwa wamekimbia risasi vijijini, nami mwenyewe nilikuwa nimekimbia kutoka mji wa Beni, kwa hiyo sikuwagombeza. Niliwaacha chini mpaka kelele ipite, kisha tukaendelea na hesabu.

Direkta, mwalimu mkuu wetu, mtu wa jimbo lingine aliyeletwa kwetu na serikali, aliona ni fujo. Akaanza kuja madarasani na fimbo. Ndege ikilia, alisimama mlangoni. Mtoto aliyeinama alichapwa viganja, aliyebaki ameketi alisifiwa mbele ya wote na kupewa chaki ya rangi. Mara nyingi nilimweleza ofisini kwamba hofu si utundu. Alinijibu kwamba mimi ndiye ninayewadekeza. Baada ya majuma machache hakuna aliyeinama tena. Walishika benchi tu, wakautazama mlango.

Asubuhi moja tukiwa katika kusoma, askari wakaanza kupigana upande wa uwanja. Risasi ikapiga mabati juu yetu. Nikajitupa chini.

"Batoto, mulale chini!"

Hakuna aliyelala. Waliketi wima, macho mlangoni. Nikatambaa nikiwavuta kwa nguo, mmoja baada ya mwingine. Msichana wa benchi la mbele alishikilia ubao wa benchi kwa nguvu zake zote, akilia.

"Madame, hapana. Atanichapa."

Ilibidi nimfungue vidole.

Mungu alitusaidia, hakuna aliyeumia. Milio ilipotulia direkta akaja, akakuta darasa zima sakafuni. Alisema kwamba katika madarasa mengine hakuna mtoto hata mmoja aliyeondoka mahali pake.

"Ile njo discipline, Madame. Njo nidhamu."

Nikamuuliza ingekuwaje kama risasi ingeingia ndani.

"Lakini haikuingia," akasema, akaenda.

Nilikasirika. Tangu siku ile nilikuwa nikifunga mlango, nikipiga meza kwa ngumi kama mlio wa risasi, na aliyelala chini haraka nilimpa karanga za kukaanga. Walijifunza upesi, wakicheka. Nikadhani nimeshinda. Lakini siku moja, wakiwa wamelala hivyo, direkta akakohoa nje ya dirisha. Wote waliinuka pamoja, wakaketi, mikono juu ya benchi. Karanga zilikuwa bado mdomoni mwa wengine.

Niliendelea hata hivyo, mwaka wote. Nikiwa peke yangu nao, walilala chini. Yeye akiwa karibu, walikaa. Nilichohitaji ni aondoke kwa muda, wamsahau kidogo. Lakini barabara zilikuwa zimefungwa kwa vita, na hakusafiri hata juma moja.