Gauni la Buluu Kwenye Karatasi ya Kodi

Jambo hili sikupenda kulisimulia, maana hata leo nikilikumbuka masikio yanapata moto, lakini bon, mmeniomba, na mke wangu Mado alishanisamehe.

Dhoruba ilipita Ganshoren, mtaa tunaokaa, mchana mmoja, ikavunja dirisha letu la sebule, mvua ikalowesha zulia, viti na televisheni, na upepo ukazipeleka nguo tulizoanika nje juu ya mapaa (shuka moja niliiona mwenyewe nikitoka kazini, inaelea hewani polepole kama haina haraka ya kufika popote). Tonton mmoja, mzee wa kanisani, akaniambia kuhusu karatasi ya kodi, "Andika byote kwa déclaration, batakupunguzia impôt."

Basi nikaketi katikati ya vitu vilivyolowa, pazia linapumua pale kioo kilipokuwa, nikaandika zulia, viti, televisheni, halafu sijui mawazo yalinipeleka wapi, nikaandika pia gauni moja la hariri, la buluu, la mke wangu. Gauni hilo hatukuwa nalo. Kwa miaka lilikuwa kwenye duka moja la mtaa wa Saint-Josse, na kila nikipita pale nilimwona Mado akilini mwangu amelivaa.

Siku ambayo maafisa wa kodi huwajazia watu karatasi tulienda pamoja, ukumbi umejaa, nusu ya kwaya yetu imo kwenye foleni. Afisa, mama mpole mwenye miwani, akasoma orodha kwa sauti, taratibu. Alipofika kwenye gauni, Mado akanigeukia.

"Robe gani ya bleu?"

Nikajifanya natafuta kalamu mfukoni.

"Papa Alice," akaniita kwa jina la binti yetu, "miye sina robe ya bleu. Ile ni ya nani?"

Hakupandisha sauti, na hapo ndipo kwaya yote ilipotulia ili isikie vizuri. Nikaona njia mbili tu: niwe mwongo mbele ya serikali, ama niwe mume mwenye mwanamke mwingine mbele ya kanisa. Nikachagua kuwa mwongo. Nikamweleza Mado yote kwa Kiswahili, duka, gauni, miaka yote ile, kisha afisa akauliza tunasema nini, nikarudia kwa Kifaransa (mara ya pili ilikuwa fupi, ila chungu zaidi).

Afisa akavua miwani. "Bwana, vitu vya nyumbani vilivyoharibiwa na dhoruba havipunguzi kodi. Hata zulia. Nendeni kwa watu wa bima." Akapiga mstari juu ya orodha nzima.

Tulipofika kituo cha basi, Mado akaniuliza:

"Ilikuwa na mikono mirefu?"

"Mifupi," nikajibu.

Akatazama mawingu muda mrefu, kama mtu anayejipima nguo. Tangu siku ile, nikiota kitu kwa ajili yake, namwambia yeye kwanza, sikipeleki tena kwa watu wa kodi.