Taa Iliyongoja Injini

Usiku ule mimi na wifi yangu tulikaa kwenye benchi la hospitali, tukingoja mwanangu atolewe chumba cha upasuaji. Gari la tajiri wake lilikuwa limeteleza kwenye mvua akiliendesha, mlango wa dereva ukajibamiza kwenye nguzo, nyonga yake ikavunjika. Kila mlango uliofunguliwa kwenye korido ile ulinisimamisha, na kila mara alikuwa ni mfagiaji.

Kisha akaja tajiri mwenyewe, na nyuma yake Injinia. Injinia ni jina la utani tu, yeye ni mwenye gereji inayotengeneza magari ya tajiri. Akanipa pole ya mkono mlegevu, halafu akamgeukia tajiri na kumnong'oneza kwa sauti iliyokusudiwa nisikie.

"Breki za gari lile nilizigusa mwenyewe mwezi uliopita. Nzima kabisa. Vijana hawa wana miguu mizito kwenye mafuta tu, mzee."

Tajiri akatikisa kichwa. Mwanangu alikuwa bado hajashonwa, keshahukumiwa. Nilimtazama Injinia kuanzia viatu mpaka kofia, nikasema moyoni, wewe hutakwenda hivi hivi.

Mwanangu alitoka salama. Daktari akasema atatembea, ila taratibu. Kesho yake tajiri akatuma ujumbe kwamba akipona asirudi kazini, na kwamba polisi wataambiwa alikuwa anakimbiza. Kwa dereva, hayo ni sawa na kukatwa mikono. Nani atampa usukani tena?

Niseme kidogo kuhusu wifi, maana bila yeye hasira yangu ingebaki kelele. Ni mdogo wa mume wangu, na ni fundi umeme wa magari. Ufundi alijifunzia kwa huyo huyo Injinia, akafukuzwa kwa kuwa mzito wa kumaliza kazi. Alikuwa anafuata waya mmoja asubuhi nzima, kalala chini ya gari inaonekana miguu tu, wenzake wameshafunga vipuri vipya na kwenda kunywa chai. "Mteja analipia taa izimike," Injinia alimwambia, "halipii wewe ulale." Siku hizi anafanyia kazi uani kwetu, chini ya bati. Kitu changu kikiharibika huniuliza kwanza nimekifanya nini. Hajaolewa, na ukimuuliza sababu anasema bado anapima.

Nilimwomba akalikague gari lile. Lilikuwa limevutwa hadi kwa tajiri, mlango umebonyea lakini injini inawaka. Tajiri alituruhusu shingo upande.

"Wifi, wewe una macho ya umbea," wifi aliniambia. "Kaa mbele uniambie taa zinafanya nini."

Akawasha swichi bila kuwasha injini. Taa zote za dashibodi zikawaka, nyingine zikazima. Zikabaki ya oili, ya chaji na ile ya ABS, yaani ya breki zile zinazobana na kuachia haraka haraka ili tairi zisiteleze. Alipowasha injini, zote zikazima.

"Ya ABS na ya oili zimeondoka pamoja kama mapacha," nikasema.

Wifi akazima, akawasha tena. Ikawa vilevile.

"Katika gari la aina hii, taa ya ABS haingoji injini," akasema. "Ukiwasha swichi inajipima, sekunde chache inazima yenyewe. Kama kuna ubovu, inabaki inawaka hata ukiendesha. Sasa hii nani kaifundisha kungoja?"

Akafungua dashibodi. Waya wa taa ile ulikuwa umekatwa na kuungwa kwenye taa ya oili. Alipourudisha mahali pake, taa ikawaka na kugoma kuzima. Hapo akachukua mita yake, akapima sensa za magurudumu, vile vifaa vinavyoiambia ABS kila tairi inazunguka vipi, moja baada ya nyingine. Tatu zilisoma namba zinazokaribiana. Ya nyuma kushoto haikusoma kitu. Hakukimbilia kuilaumu. Alipima kwanza waya wake mpaka kwenye kisanduku cha ABS, akaukuta mzima, ndipo akaichomoa sensa. Ilikuwa imeliwa na kutu, imepasuka.

"Imekufa zamani," akasema. "Taa ilikuwa inapiga kelele, mtu akaiziba mdomo. Mtoto alipokanyaga breki kwenye maji, tairi zikakaza, gari likawa sabuni. Twende tukamwambie tajiri yaishe."

"Sitaki yaishe. Rudisha waya na sensa kama ulivyovikuta."

"Wifi, wewe ni mbaya."

"Rudisha."

Akarudisha. Jumamosi, gereji ikiwa imejaa wateja, tukaenda na gari lile, wifi kwenye usukani, tajiri, niliyemwambia aje ajionee mwenyewe, pembeni yake, mimi nyuma. Wifi akawasha swichi mbele ya watu, akaeleza, akaonyesha ule waya. Injinia akacheka.

"Huyu nilimfukuza mwenyewe. Magari ya zamani ndivyo yalivyo, taa zake hazina adabu."

Nilimwendea mama mmoja aliyekuwa benchi la wateja, gari lake la aina ileile. "Dada, taa yako ya ABS iliwahi kukusumbua?"

"Iliwaka, Injinia akaitengeneza. Tangu hapo kimya."

"Washa swichi, usiwashe injini."

Akawasha. Taa ikabaki inawaka, inangoja. Baba mwingine, ambaye gari lake lilikuwa limekuja kubadilishwa klachi tu, akajaribu bila kuombwa. Yake ikazima yenyewe. Yule mama akamtazama Injinia.

"Mimi napeleka watoto shule na gari hili. Wangu na wa jirani."

Injinia akasema anakwenda kutafuta risiti. Akaingia ofisini. Tukasikia komeo.

Tajiri akagonga. "Fungua tuongee kama watu wazima." Mama wa watoto akagonga kwa kiganja, bati la mlango likalia. Wateja wengine wakaanza kuwasha swichi za magari yao, mmoja mmoja, na kila taa iliyogoma kuzima ilileta mtu mwingine mlangoni.

Tajiri akanisogelea. "Mama, mwambie kijana kazi yake ipo. Polisi nitakwenda mimi, na habari nyingine kabisa, ya waya huu."

"Utamwambia mwenyewe. Wodi unaijua."

Wifi akanigusa bega. "Imetosha. Twende nyumbani."

"Tangulia."

Nikalivuta benchi la wateja mpaka mbele ya mlango, nikakaa. Nilitaka Injinia akitoka, uso wa kwanza uwe wangu. Ndani simu iliita mpaka ikachoka, ikaita tena. Kivuli cha miguu yake kilipita chini ya mlango, kikasimama karibu kabisa na mimi, kisha kikarudi nyuma. Komeo halikuguswa.